SOMO LA ROBO HII: SAUTI NA PICHA KUPITIA INTANETI
Tunayojifunza kutoka Tunguu



Katika robo iliyopita tulipokea swali kutoka kwa kamati moja, tukaona ni vyema tulijibu hapa ili wote wasome. Swali ni hili: kwa kuwa siku hizi kila mtu anapiga simu kwa WhatsApp, kwa nini bajeti ya chumba chetu cha ushauri cha Tunguu bado ina fungu la vocha za simu za kawaida? Wiki hiyo hiyo rafiki mmoja wa mradi alituandikia kwamba yuko tayari kununua kamera na skrini kubwa, ili wazazi wa Tunguu wazungumze ana kwa ana na mshauri aliyeko Dar es Salaam. Mambo haya mawili yana mzizi mmoja. Hayawezi kujibiwa vizuri bila kufahamu simu ya intaneti inavyofanya kazi, kwa hiyo tunaomba mtuvumilie kwa hesabu kidogo.

Kwa wasiopafahamu, Tunguu iko nje ya mji wa Zanzibar, kwenye barabara iendayo Jozani na Paje. Hapo ndipo ilipo kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, na pia Chuo Kikuu cha Zanzibar. Wanafunzi wamepanga vyumba katika nyumba nyingi za jirani, na wote wana simu janja. Jambo hili la wanafunzi litarudi mbele ya somo.

Simu iliyokodi njia nzima

Zanzibar si mgeni wa mawasiliano ya mbali. Mwaka 1879 waya wa telegrafu ulilazwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja, kisha ukaendelea kusini. Jengo la zamani la kampuni ya simu za nje bado lipo Shangani, ingawa sasa ni sehemu ya hoteli. Simu ya sauti ilipokuja, kanuni yake ilikuwa rahisi: ukipiga, unapewa njia yako peke yako kutoka mwanzo hadi mwisho mpaka ukate. Ni kama kukodi gari zima kutoka Tunguu hadi Darajani. Hata ukinyamaza njia nzima, gari ni lako na unalilipia. Namba nayo ilikuwa mahali. Ukiona 024 unajua waya unaishia Zanzibar, na ukiona 022 unajua ni Dar es Salaam.

Simu ya intaneti haikodi gari. Sauti yako hubadilishwa kuwa tarakimu, ikakatwa vipande vidogo, kwa kawaida vya milisekunde 20, yaani vipande 50 kwa kila sekunde. Kila kipande hutiwa kwenye bahasha yenye anwani na kutumwa, kama mtu anayegawa kurasa za barua yake kwa abiria wa daladala mbalimbali na kuwaomba wazifikishe mjini. Kipande hicho huitwa pakiti. Upande wa pili kuna kama karani anayezipokea kurasa, anazipanga kwa namba zake na kuzisoma kwa sauti.

Hesabu yake inafaa kila mweka hazina aione mara moja. Katika mtindo wa zamani wa kuhifadhi sauti, ambao ni kilobiti 64 kwa sekunde, kila kipande kina baiti 160 za sauti na baiti 40 za anwani. Jumla ni 200. Zidisha kwa vipande 50, unapata kilobiti 80 kwa sekunde kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Saa moja ya mazungumzo hula megabaiti 72 za bando. Kuna mtindo mwingine unaobana sauti sana, ukabaki na baiti 20 tu kwa kipande, lakini anwani ni zile zile 40. Bahasha sasa ni nzito mara mbili kuliko barua! Hata hivyo saa moja inashuka hadi megabaiti 22 hivi. Programu za leo zinajua kubana na kulegeza zenyewe kulingana na hali ya mtandao, na ndiyo sababu mnasikia sauti inakuwa nene kisha inakuwa nyembamba kama ya mtu aliye ndani ya pipa.

Picha ni habari nyingine. Mazungumzo ya picha hula mara kumi ya sauti au zaidi. Mtu anayewasha kamera wakati hana haja nayo anakula bando la wiki kwa jioni mbili.

Nani ameahidi kulinda njia?

Hapa ndipo penye kiini cha somo, na ndipo wengi wetu, pamoja na sisi waandishi, tulipokosea.

Tulidhani kuna simu za aina mbili tu, ya kawaida na ya intaneti. Kumbe ziko tatu. Ya kwanza ni ile ya kawaida ya minara ya kizazi cha pili na cha tatu, ambayo bado inakupa njia yako. Ya mwisho ni ya programu, kama WhatsApp, ambayo ilianza kupiga sauti mwaka 2015 na picha mwaka 2016. Katikati yake kuna aina ambayo watu huitumia bila kujua. Minara ya kizazi cha nne ilijengwa kwa ajili ya pakiti tu, haina njia ya kukodi. Kwa hiyo mtu akikupigia ukiwa kwenye mnara huo, ama simu yako inashushwa haraka hadi mnara wa zamani ili ipokee, ama sauti inapita kwa pakiti kwa huduma iitwayo VoLTE.

VoLTE inaendeshwa na mfumo unaojulikana kwa herufi IMS. Kanuni zake za kwanza zilitolewa mwaka 2002 na umoja wa kimataifa unaopanga viwango vya simu za mkononi. Wazo lake ni kwamba sauti, picha na ujumbe vyote visafiri juu ya mtandao mmoja wa intaneti, na pawe na ofisi moja ya kuvipokea. Ofisi hiyo ina daftari. Simu yako ikiwashwa inajiandikisha: mimi ni fulani, niko hapa. Mtu akikutafuta, ofisi inaangalia daftari, inakuita, na mkikubaliana inawaacha mzungumze. Kuitana kunapita njia yake na sauti inapita njia yake. Namba si mahali tena, ni jina katika daftari.

WhatsApp na wenzake nao wana daftari na wana kuitana. Wanakata sauti vipande vile vile. Sasa tofauti iko wapi? Iko hapa: katika IMS, kampuni ya simu inayomiliki mnara inatenga nafasi maalumu kwa pakiti za sauti, zipite mbele ya sinema na muziki wa watu wengine. Kwa programu, hakuna aliyekuahidi kitu. Pakiti za mama anayemwelezea mshauri hali ya mtoto wake zinasimama foleni moja na pakiti za mwanafunzi anayeangalia mpira. Kwa hiyo Tunguu saa nne asubuhi sauti ni safi, na saa tatu usiku, wanafunzi wakishakula, sauti inakatikakatika. Hatuwalaumu wanafunzi. Wamelipia bando zao kama sisi.

Kuchelewa

Wataalamu wa viwango vya simu wanashauri sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kutoka kinywani hadi sikioni kwa mwenzio. Ikizidi hapo watu huanza kukatizana, kila mmoja akidhani mwenzake amemaliza.

Waliokuwa wakienda kwenye mikahawa ya intaneti ya Mji Mkongwe miaka ya 2000, kichwani vipokea sauti, Skype imefunguliwa, watakumbuka adha hiyo. (Skype yenyewe ilianza 2003 na ikafungwa Mei 2025.) Wakati ule intaneti yetu ya kwenda nje ilitegemea sana satelaiti zilizo juu kiasi cha kilomita 36,000. Kupanda na kushuka mara moja tu ni karibu robo sekunde, na hapo hujahesabu kitu kingine. Hakuna ufundi wa programu unaoweza kuirudisha robo sekunde hiyo. Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na mwaka 2010 ukaanza kazi wa EASSy. Katika utepe wa kioo, kilomita 10,000 ni milisekunde 50 hivi. Mabadiliko hayo ndiyo yaliyofanya mazungumzo ya Unguja na Ulaya yawe mazungumzo.

Kinachobaki ni pakiti kuchelewa kwa kupishana. Yule karani wa upande wa pili akisubiri sana kurasa zilizochelewa, mazungumzo yanakuwa mazito. Asiposubiri, anaruka ukurasa na neno linapotea. Mshauri wetu ametuambia kwamba neno linalopotea mara nyingi ni lile fupi: "si". Mama akisema "homa si kali" na pakiti kadhaa mfululizo zikapotea, mshauri amesikia kinyume. Tangu hapo tumeweka utaratibu wa kurudia kila jibu la hatari kwa maneno mengine kabla ya kuendelea.

Funzo la Maskati

Familia nyingi za Unguja zina ndugu Oman. Kwa miaka mingi mamlaka za Oman na za Falme za Kiarabu zilizuia simu za sauti za programu zisizo na leseni, ikiwemo ile ya WhatsApp. Mtu wa Maskati alipokea maandishi na picha, lakini akipigiwa, simu inaita au inakufa. Watu wetu hawakukata tamaa. Walirekodi sauti na kuituma.

Kwa nini sauti iliyorekodiwa ilipita na simu ikazuiwa? Kwa sababu sauti iliyorekodiwa ni faili, ni barua. Haina haraka. Pakiti ikipotea inaombwa tena, na barua ikifika dakika mbili baadaye bado ni barua ile ile. Simu haina nafasi ya kuomba tena, kwa sababu neno lililochelewa halina kazi. Bibi mmoja wa Tunguu alituonyesha anavyofanya: anarekodi salamu, habari za mazao, habari za msiba, anamaliza na kumtaka mwanawe ajibu "ukipata nafasi, baba". Tulijifunza kwake. Sasa maelekezo marefu ya mshauri, kama vile namna ya kumpa mtoto maji ya kutosha siku za joto, hutumwa kwa sauti iliyorekodiwa. Mzazi anasikiliza mara tatu, na anamsikilizisha bibi wa mtoto. Kwa mtandao dhaifu, hiyo ni bora kuliko picha nzuri inayoganda.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024

Sasa tuseme kosa letu.

Chumba cha Tunguu kinasaidia wazazi wa watoto wenye selimundu. Tulipoanza, tuliona ni busara kubana matumizi, tukawapa wazazi namba moja na kuwaambia: tupigieni kwa WhatsApp, ni bure. Hatukuwapa namba nyingine. Wala hatukuwaambia kwamba namba ile, ambayo ilikuwa laini ya intaneti ya ofisi, haikuwa ikipokea simu ya kawaida, kwa sababu kifaa chake kilikuwa ruta.

Jumapili ile mikongo miwili ya baharini ilipata hitilafu, na intaneti ya Tanzania na ya nchi jirani ikadhoofika kwa siku kadhaa. Ndani ya nchi, mtu wa Tunguu aliweza kumpigia mtu wa Dar es Salaam kwa simu ya kawaida, kwa kuwa simu hiyo haina haja ya kutoka nje. Lakini WhatsApp ina daftari lake ng'ambo. Hata majirani wawili waliotenganishwa na ukuta mmoja hawangeweza kuitana kwa programu hiyo kama daftari halifikiki.

Mama mmoja alikuwa na mtoto mwenye maumivu usiku ule. Alijaribu kutupata mara nyingi. Hakupata kitu. Kwa neema ya Mungu jirani alikuwa na gari na mtoto akafikishwa hospitali mapema. Tulipomtembelea siku ya Alhamisi alitukaribisha vizuri, akatupa kahawa, kisha akasema, "Nilidhani mmenisusa." Hatukuwa na jibu la kitaalamu la kumpa. Hatukuwahi kuandika namba ya simu ya kawaida kwenye kadi ya mtoto wake, basi.

Halikuwa jambo la mara moja. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilikatika nchi nzima na ikarudi baada ya siku kadhaa. Safari hiyo wazazi wetu walikuwa na namba ya kawaida. Ikumbukwe pia kwamba namba ya dharura 112 haipigiki ndani ya WhatsApp.

Umeme nao tusiusahau. Simu ya waya ya zamani ililishwa umeme na kituo cha simu, ikafanya kazi hata nyumba ikiwa gizani. Ruta ya Tunguu inazima sekunde ile ile umeme unapokatika. Waliokuwepo Unguja kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 hawahitaji kuelezwa, kwani kisiwa kilikaa takriban miezi mitatu bila umeme wa bara. Leo hali ni bora, mkongo mpya wa umeme wa megawati 100 ulizinduliwa mwaka 2013, lakini kukatika kwa saa mbili tatu bado kupo. Betri ndogo ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84. Ruta inayokula wati 10 ingedumu saa 8 kwa hesabu ya karatasi. Ninyi hesabuni 5, betri zikizeeka 3.

Laini ni ya nani?

Mawasiliano ni jambo la Muungano, kwa hiyo TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, inasimamia Zanzibar kama inavyosimamia bara. Tusajili laini za mradi kwa jina la taasisi. Tumeona usharika ukitumia laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole za kijana mmoja wa kujitolea. Kijana alipohama akaondoka na laini, na akaunti ya WhatsApp iliyofungwa kwenye namba hiyo ikaondoka naye, pamoja na kundi zima la wazazi. Ilichukua mwezi kuwatafuta mmoja mmoja.

Majibu yetu kwa kamati na kwa rafiki wa kamera

Fungu la vocha libaki. Tunaomba hata liongezwe kidogo, tuwe na laini mbili za kawaida za kampuni mbili tofauti, katika simu ndogo za vitufe ambazo chaji yake hukaa siku nyingi. Simu za programu ziendelee kwa mazungumzo yaliyopangwa, na tuyapange asubuhi. Mshauri atumie vipokea sauti vya waya kichwani. Tunasema hivi kwa sababu ya usikivu, na zaidi kwa sababu ya siri: pakiti za WhatsApp zimefungwa asizisome mtu njiani, lakini spika iliyofunguliwa ndani ya chumba chenye benchi la wanaosubiri haifichi neno.

Rafiki yetu wa kamera tumemshukuru na kumweleza haya yote. Tumemwomba abadili ahadi yake kwanza kuwa betri mbili, paneli moja ya jua, na bando la mwaka kwa laini isiyotumiwa na mtu mwingine. Skrini itafuata. Bado hajajibu. Wajumbe wawili wa kamati wanaona tumekosea, kwamba mfadhili hapangiwi zawadi, na maoni yao tumeyaandika katika kumbukumbu za kikao. Sisi tunaona skrini kubwa inayoganda mbele ya mzazi mwenye wasiwasi ni mbaya kuliko kutokuwa na skrini.

Kamati zitakazojadili somo hili zianze na zoezi dogo: zimeni intaneti katika simu zote za kikao, kisha kila mjumbe ajaribu kumpata mtu mmoja anayehudumiwa na mradi wenu. Andikeni ni wangapi wamepatikana, mtuletee idadi hiyo kabla ya robo ijayo.

Yule mama wa Tunguu sasa ana namba mbili za kawaida zilizoandikwa kwa kalamu ya wino nyuma ya kadi ya mtoto. Kwa kuwa mara nyingi hana salio la kutosha, tumekubaliana abipu tu. Kubipu hakuhitaji bando. Wiki iliyopita alibipu mara mbili, saa tatu usiku, tukampigia.